Shangazi, mdomo unaimba lakini moyo umenyamaza

Shikamoo Shangazi,

Nimeandika barua hii mara tatu nikaifuta. Nikiifuta na hii sitaandika tena, kwa hiyo naituma kama ilivyo.

Nina miaka 43, mke na mama wa watoto wawili. Kwa miaka 11 nimekuwa mwimbishaji wa kwaya kanisani kwetu. Miezi 14 iliyopita mume wangu alipigwa na kiharusi. Aliamka vizuri, akaoga, akaketi kitandani kuvaa viatu. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikasikia kiatu kimeanguka. Nilipoingia nilimkuta ameegemea upande, mdomo umepinda, ananiangalia kama mtu mwenye siri anayotaka kunieleza. Tangu siku ile mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, na maneno yote yamempotea isipokuwa moja. Neno lenyewe ni "basi". Akitaka maji, basi. Akitaka kujisaidia, basi. Akikasirika, basi basi basi. Huyu ni mtu aliyekuwa akituongoza sala kila usiku, sala ndefu mpaka watoto wanasinzia kabla ya amina.

Usiku namgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Mchana nashona nguo za watu hapo hapo nyumbani ili niwe karibu naye.

Kanisani wametuombea, hilo silikatai. Lakini mzee mmoja aliniita pembeni akaniuliza kama hakuna dhambi tuliyoificha, maana mgonjwa wa kuombewa namna ile angekuwa ameshainuka. Dada mwingine akaniandikia kwenye karatasi maneno ya Yakobo, "hesabuni ya kuwa ni furaha tupu", akaniambia niyabandike ukutani. Nikabandika. Kila nikipita naona kama yananizomea.

Miezi miwili iliyopita niliitwa mbele nitoe ushuhuda. Nilisema nina amani ipitayo akili zote. Nikasema namfurahia Bwana katika dhoruba. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikatoka, nikajifungia chooni, nikalia nimeuma leso ili nisisikike. Nilikuwa nimedanganya madhabahuni, Shangazi.

Wiki iliyofuata, saa tisa usiku, nilikuwa namgeuza nikakuta shuka limeloa. Na nilikuwa nimelibadilisha saa saba. Nikasimama pale na shuka mkononi nikasema kwa sauti, "Mungu, mimi na wewe basi." Mume wangu alikuwa macho. Alinisikia. Tangu usiku ule sijaomba tena.

Kanisani bado naenda. Nasimama na wenzangu, nafungua mdomo, sauti haitoki, na kwa kuwa wao wana sauti kubwa hakuna aliyegundua. Sasa wananisukuma nirudi kuimbisha, wanasema nikiimba nitapona moyo. Nyumbani siimbi kabisa. Binti yangu akiosha vyombo huku anaimba zile nyimbo zetu za zamani, baba yake vidole vya mkono wa kushoto huanza kupiga pigo juu ya shuka. Nikiona hivyo namwambia binti anyamaze, maana siwezi kuvumilia.

Naomba uniambie ukweli. Imani yangu imekufa? Nimemtukana Mungu? Na hiyo furaha katika Bwana inayohubiriwa kila siku, watu huipata kweli wakiwa katika hali kama yangu, au wote wanadanganya kama mimi?

Mwimbishaji aliyenyamaza

* * *

Marahaba, mwanangu. Pole. Neno hilo limetumika mpaka limechakaa, ila sina jingine, kwa hiyo lipokee hivyo hivyo. Pole kwa kiatu kilichoanguka. Pole kwa shuka la saa tisa.

Nianze na usiku ule, maana naona ndio unaokutesa kuliko mengine yote. Umeniandikia kwamba mumeo ana neno moja, na neno hilo lina maana zaidi ya kumi. Wewe umejifunza kuzitofautisha. Akisema "basi" unajua hii ni ya maji, hii ya mto umekaa vibaya, hii ya hasira. Hujawahi kuisikia ukadhani amekuacha. Kisha wewe mwenyewe, umechoka mpaka mifupani, neno pekee lililokutoka mbele za Mungu likawa lilo hilo la mumeo. Unadhani wewe unaweza kumsikiliza mumeo vizuri kuliko Mungu anavyoweza kukusikiliza wewe?

Tena angalia ulivyosema. Ulisema "mimi na wewe". Hukusema "hakuna Mungu" ukarudi kulala. Ulimwita, ukamwambia umefika mwisho. Mwanangu, mtu hamnunii asiyekuwepo. Imani iliyokufa haigombani na Mungu saa tisa usiku. Imani iliyokufa hulala usingizi mzuri. Yako imejeruhiwa, imechoka, inavuja, lakini ipo hai na inapiga kelele.

Na kama unadhani wewe ni wa kwanza, chukua Biblia yako ufungue Zaburi ya 88. Sikuambii uisome yote leo. Soma maneno madogo ya juu tu, yale ya utangulizi. Utakuta imeandikwa kwamba ni kwa mwimbishaji. Cheo chako! Kuna mtu alitunga aya 18 za kilio, ambazo hazina hata mstari mmoja wa "lakini mwishowe nikashinda", zinazoishia kwenye neno la giza, akazipeleka kwa mwenye kwaya ili watu wafundishwe. Na wale waliokusanya Maandiko hawakuitupa. Waliiweka palepale, katikati ya Zaburi 150, na ukizipitia zote utaona kwamba zile za malalamiko na kilio ni nyingi kuliko za aina nyingine yoyote. Ile ya 13 inaanza kwa "hata lini" nne mfululizo, na utangulizi wake ni huo huo, kwa mwimbishaji. Sisi ndio tuliochagua nyimbo za shangwe peke yake, tukaziacha nusu ya kazi za mwimbishaji kabatini.

Wasomaji wangu Waislamu nao watamkumbuka Nabii Yaakub katika Surat Yusuf, aliyemlilia mwanawe mpaka macho yakawa meupe. Wanawe walipomlaumu kwa kulia, aliwajibu kwamba majonzi yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Hakuna aliyemwita mtu wa imani haba.

Sasa huyo mzee wa kanisa. Nitasema kwa kifupi kwa sababu nikirefusha nitakosa adabu. Wanafunzi waliuliza swali hilo hilo kuhusu kipofu katika Yohana 9, nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu akakataa yote mawili. Rafiki watatu wa Ayubu walifanya kazi njema kwa siku 7: walikaa naye chini, wasiseme neno. Waliharibu walipofungua vinywa. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, waliomtetea kwa maneno mazuri, na anasema Ayubu ndiye aliyenena sawasawa, huyo Ayubu aliyelalamika kurasa kwa kurasa. Mzee akirudi na swali lake, mwambie asome sura ya 42. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye hicho chenu hajakilalia hata usiku mmoja.

Dada wa karatasi, huyo namhesabu mwema, alitaka kusaidia. Ila mstari ule ubandue. Ndiyo, ubandue ukutani, si dhambi. Siku moja utaurudisha mwenyewe ukipenda. Na siku hiyo uangalie neno lake la kwanza, "hesabuni". Yakobo hakuandika "jisikieni furaha". Hesabu ni kazi ya kalamu. Wewe ni fundi cherehani, una daftari la wateja: huyu amelipa, huyu ametanguliza nusu, huyu amechukua gauni akapotea. Ukifunga hesabu huandiki deni kuwa faida. Unaandika deni kuwa deni, kisha unatazama chini ya ukurasa kuona kama bado umesimama. Yakobo haiti kiharusi furaha. Anasema kuna kitu kinafanyika ndani ya mtu wakati imani yake inapimwa, anakiita saburi, na anakiweka kwenye daftari. Deni lako lina haki ya kuandikwa kwa wino ule ule.

Paulo naye hivyo hivyo. Watu hupenda sana kutupia wenzao "furahini katika Bwana siku zote" kutoka Wafilipi, na ni kweli aliyaandika akiwa kifungoni, jambo si dogo. Lakini warudi nyuma sura mbili. Hapo anamtaja Epafrodito aliyeugua akawa karibu kufa, na anakiri kwamba Mungu alipomponya alimhurumia Paulo mwenyewe pia, asije akapata huzuni juu ya huzuni. Umeona? Barua ile ile ya furaha. Alikuwa na huzuni tayari, aliogopa kuongezewa nyingine, na hakuona aibu kuiandika kwa kanisa zima.

Kwa hiyo umeniuliza kama wote wanadanganya. Hapana. Wengine wanadanganya, wengine wana furaha ya kweli, na wengine wana vyote viwili siku moja. Nitakueleza yangu, halafu uamue.

Nilipomzika mwanangu, sikufungua Biblia kwa miezi saba. Nilikwenda ibadani kwa sababu miguu ilikuwa imezoea njia. Siku moja mjukuu wangu, alikuwa na miaka minne, alichukua miwani yangu mezani akaivaa kichwa chini miguu juu, akanijia ameikunja sura, akaniuliza kwa sauti yangu mimi, "Nani kaacha mlango wazi?" Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikajisikia kama mwizi, kama nimemwibia marehemu kitu. Jioni ile nilikaa pale pale mezani, miwani bado ina alama za vidole vyake, nikajikuta nimesema "asante" kabla sijajua namwambia nani. Ilikuwa sala yangu ya kwanza baada ya miezi saba, neno moja. Huzuni haikuondoka, mpaka leo ninayo. Lakini nilijua siko peke yangu mle ndani. Mimi furaha katika Bwana naifahamu kwa umbo hilo, na sijawahi kuipata kwa kuiamrisha.

Juu ya ule ushuhuda: usijitese kuurudia hadharani. Mwambie Mungu kwamba ulidanganya na kwa nini, yatosha. Ukiitwa mbele tena una haki ya kukataa. Na ukitaka kusema, kuna ule wa baba mwenye mtoto mgonjwa katika Marko 9: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumwambia arudi nyumbani akaongeze imani kwanza. Alimponya mtoto. Ukisema maneno hayo tu ukarudi kuketi, hutakuwa umedanganya mtu, na nakuhakikishia kuna mwingine kwenye benchi la nyuma atakayepumua.

Sasa tuache maandiko kidogo tuongee kama wanawake wawili. Unalala saa ngapi? Mtu anayeamka kila baada ya saa mbili kwa miezi 14 hawezi kujua kama amepoteza imani au amepoteza usingizi. Eliya, nabii mzima, aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimgusa akamwambia ainuke ale, akalala tena, akamgusa mara ya pili, ainuke ale, kwa maana safari ni kubwa mno kwake. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, Eliya akiwa ameshakula na kulala.

Wewe huna malaika, una kanisa. Wale wanaokuambia "tuko pamoja nawe", wapangie zamu. Usiseme "mnisaidie mkipata nafasi", nafasi haipatikani kamwe. Sema: wewe Jumanne usiku, wewe Alhamisi mchana. Wafundishe kumgeuza, kumwekea mto mgongoni, kutazama kisigino na makalio kama ngozi imeanza kuwa nyekundu. Yule mgonjwa wa kupooza katika Marko 2 alibebwa na watu wanne, wakatoboa paa, na imeandikwa kwamba Yesu aliiona imani yao. Yao. Ya mgonjwa mwenyewe haikuulizwa. Tafuta wanne. Na kama usingizi haurudi hata ukipata nafasi ya kulala, kama huli, au ukijikuta unatamani kufa, usinisubiri mimi wala Jumapili, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo ukamwambie wazi kama ulivyoniambia mimi. Kutibiwa sonona hakupunguzi imani ya mtu.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nichague barua yako kati ya nyingine. Vidole vya mumeo juu ya shuka.

Kwa watu wengi, usemi unategemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo huo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana kiharusi cha mumeo kimechukua vyote pamoja. Hali hiyo ya kupoteza maneno wataalamu huiita afasia. Lakini wimbo haukai mahali pamoja na maongezi. Upande wa kulia wa ubongo unashiriki sana kwenye mahadhi. Ndiyo sababu wapo wagonjwa wasioweza kuomba maji kwa maneno, lakini ukianza wimbo walioujua tangu utotoni, wanaingia nao na maneno yake. Tangu miaka ya 1970 kuna tiba iliyojengwa juu ya jambo hilo: mtaalamu wa usemi humfundisha mgonjwa kutamka kwa kuimba maneno mafupi huku akigonga pigo kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto, mwanangu! Mumeo ameanza mwenyewe bila mwalimu, na sisi tunainyamazisha kwaya yake.

Sikuahidi kwamba ataongea. Wengine huingia kwenye wimbo lakini maongezi hayarudi, na wengine hata wimbo haurudi. Ulizia mtaalamu wa usemi hospitalini, hata kama hujawahi kutajiwa. Lakini kabla ya mtaalamu, ana mke aliyeimbisha kwa miaka 11.

Kwa hiyo kwenye kwaya nakuambia usirudi kuimbisha kwa sasa. Waambie umepumzika, usitoe sababu ndefu. Keti na waumini wengine, ufunge mdomo kama umefungwa, uache wenzako waimbe kwa niaba yako. Sauti uliyobaki nayo ipeleke nyumbani. Mwombe binti msamaha kwa kumnyamazisha. Tena mwombe aimbe. Chagua wimbo mmoja wa zamani sana, ule mumeo alioupenda kabla hamjaoana, wenye kiitikio kifupi. Keti upande wake wa kushoto, shika vidole vile, pigeni pigo pamoja juu ya shuka, taratibu kuliko kawaida. Ukilia katikati, lia, kisha endelea pale ulipoachia. Na unapofika kwenye kiitikio, imba neno la kwanza, halafu nyamaza kidogo umwachie nafasi.

Kama atatia neno lolote ambalo si "basi", niandikie ni neno gani.

Shangazi yako